Mkesha wa Filamu Mpya

Filamu mpya nchini Marekani huanza kuonyeshwa Ijumaa, na zile kubwa wakati mwingine Jumatano. Kampuni inayosambaza filamu hupanga tarehe, na jumba la sinema halikuwa na ruhusa ya kuwauzia watu onyesho la kawaida kabla tarehe hiyo haijaingia. Kwa hesabu ya Kizungu tarehe huingia saa sita usiku. Ndiyo maana, kwa muda wa miaka kama kumi na mitatu, tiketi zilizogombaniwa kuliko zote zilikuwa za saa ambayo watu wengi wamelala: saa sita na dakika moja, usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya filamu. Ile dakika moja ya ziada iliandikwa ili mtu asikose siku, kwa sababu saa sita kamili ni mpaka, na mpaka humchanganya msomaji wa tiketi: ni usiku huu au wa kesho?

Kiswahili kina maneno yanayolikaa jambo hili vizuri. Usiku wa kuamkia Ijumaa unaeleweka mara moja, na mtu anayeupitisha macho yakiwa wazi, pamoja na wenzake, akisubiri kitu, yuko kwenye mkesha. Zaidi ya hapo, kwa hesabu ya jadi ya pwani siku huanza jua linapotua. Alhamisi ikishafika magharibi, Ijumaa imeingia, na usiku unaofuata ni usiku wa Ijumaa. Hesabu hiyo itafaa kukumbukwa mbele, maana mwishowe hata wenye majumba ya sinema wa Marekani walianza kuifuata bila kujua.

Onyesho la saa sita usiku halikuwa uzinduzi rasmi. Uzinduzi wa zulia jekundu, wenye waigizaji, kamera na wageni waalikwa, ni desturi ya Hollywood tangu Oktoba 1922, filamu ya Robin Hood ilipozinduliwa katika jumba la Egyptian la Sid Grauman. Shughuli hiyo ni ya wakubwa. Mkesha ulikuwa wa mwenye kununua tiketi: mwanafunzi, muuza duka, fundi wa kompyuta, wapwa na binamu zao. Hakuna mwigizaji aliyetarajiwa kutokea. Heshima pekee iliyopatikana ilikuwa ya kuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kuiona filamu.

Usiku wa manane ulikuwa na historia yake katika sinema kabla ya hapo. Miaka ya 1930 wafanya mazingaombwe walizunguka miji ya Marekani wakifanya maonyesho ya mizimu saa sita usiku, kisha wakafungua filamu ya kutisha. Desemba 1970 Ben Barenholtz, aliyeendesha jumba la Elgin jijini New York, alianza kuonyesha El Topo ya Alejandro Jodorowsky saa za usiku wa manane, na vijana wakaijaza nafasi kwa miezi. Iliyotia fora ni The Rocky Horror Picture Show. Filamu hiyo ilitoka 1975 ikakosa watu. Aprili 1976 ikahamishiwa saa sita usiku katika jumba la Waverly, New York, na huko ikazaliwa upya. Watazamaji walirudi wiki baada ya wiki, wakavaa kama wahusika, wakaijibu skrini kwa sauti, wakarusha mchele wakati wa harusi na kujifunika magazeti wakati wa mvua. Kutoka kwao watu walijifunza kwamba ukumbi wa sinema unaweza kuwa na hadhira inayoshiriki, na kwamba giza la usiku mkubwa huwapa watu ujasiri wa kuvaa wasichothubutu kuvaa mchana.

Filamu hizo, hata hivyo, zilikuwa kuukuu au za pembeni. Filamu mpya kabisa, inayosubiriwa na taifa zima, ilikuja kuushika usiku huo Mei 1999. Star Wars ya kwanza ilikuwa imetoka Mei 1977 katika majumba 32 tu. Ya tatu ilitoka 1983, kisha kimya. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka huo alikuwa na ishirini na minne The Phantom Menace ilipotoka, naye alikuwa na kazi, gari na pesa yake mwenyewe ya tiketi. Novemba 1998 kionjo cha filamu hiyo kilipoanza kuonyeshwa, kulikuwa na watu walionunua tiketi za filamu nyingine, wakatazama kionjo cha dakika mbili na ushei, wakaondoka.

Mbele ya jumba la Chinese la Hollywood foleni ilianza wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Haikuwa ya mtu mmoja kukaa mahali pamoja usiku na mchana. Ilikuwa na zamu, na saa za kila mtu ziliandikwa, ili atakayeingia kwanza awe aliyesubiri zaidi. Wapita njia walipiga picha. Wanahabari walikuja na swali lile lile la kwa nini mtu mzima alale barabarani kwa ajili ya filamu atakayoweza kuiona kwa raha wiki inayofuata. Tarehe 19 Mei, siku ya Jumatano, filamu ilianza saa sita na dakika moja katika miji mingi kwa wakati mmoja, na siku hiyo peke yake ikaingiza dola milioni 28.5.

Swali la wanahabari lina jibu, nalo limo katika namna foleni ilivyoendeshwa. Wakati huo viti katika majumba mengi ya Marekani havikuwa na namba. Tiketi ilimpa mtu haki ya kuingia tu; kiti cha katikati kilikuwa cha aliyewahi. Kundi la marafiki watano au sita lilihitaji kupangana kama watu wanaoandaa safari. Mmoja alinunua tiketi zote, kwa hiyo alidai wenzake. Mwingine alitoka shuleni au kazini mapema akaenda kushika nafasi. Wa tatu alileta chakula, wa nne gari, na mdogo wa mmoja wao alichukuliwa baada ya mama kubembelezwa siku mbili. Aliyefika wa mwisho alipita mbele ya watu wasiomjua akisema yuko pamoja na wale kule, na uso wa foleni nzima ukamwangalia kuhakikisha kama ni kweli.

Katika saa hizo nne, sita au kumi, hapakuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililokuwa na thamani. Watu walikaa sakafuni wameegemea ukuta, wakacheza karata, wakabishana kuhusu filamu zilizotangulia, wakasoma vitabu, wakamalizia kazi za shule za kesho yake. Waliovaa majoho na kubeba panga za mwanga za plastiki walipigana mapambano ya kuigiza katika maegesho ya magari. Wageni wakawa majirani. Mtu aliyekwenda kujisaidia alimwachia asiyemfahamu mkoba wake, naye akaukuta. Simu za wakati huo hazikuwa na picha za kutazama, na wengi hawakuwa na simu kabisa, hivyo mazungumzo ndiyo yaliyokuwepo. Marafiki ambao mchana hukutana kwa dakika za mapumziko tu walipewa usiku mzima bila shughuli nyingine.

Wafanyakazi wa jumba nao walikuwa na mkesha wao. Kabla ya filamu kuwa faili la kompyuta, ilifika kwa gari ndani ya makopo ya bati, mara nyingi yakiwa yamebandikwa jina la uongo ili wezi wasijue kilichomo. Mkanda wa milimita 35 hupita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, sawa na futi 90 kwa dakika. Filamu ya saa mbili ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. The Return of the King, sehemu ya tatu ya The Lord of the Rings yenye dakika 201, ilikuwa na mkanda wa karibu kilomita tano na nusu. Haukuja ukiwa kipande kimoja, bali katika magurudumu yenye dakika zisizozidi kama ishirini kila moja, na fundi wa projekta aliyaunganisha kwa gundi ya utepe, kipande kwa kipande, akausokota mkanda wote juu ya sahani kubwa ya chuma iliyolala. Kipande kikiunganishwa kichwa chini, watu mia tatu wangekiona kichwa chini. Kwa hiyo usiku uliotangulia, milango ikiwa imefungwa, fundi aliiendesha filamu yote kuijaribu, na wafanyakazi wachache waliokaa vitini wakawa wameiona kabla ya mji mzima. Walitakiwa kufunga midomo hadi kesho yake.

Mahitaji yalipozidi, mkanda mmoja uliweza kupitishwa katika projekta mbili kwa mfululizo: ukitoka kwenye mashine ya ukumbi wa kwanza, unapita kwenye vigurudumu vya ukutani hadi mashine ya ukumbi wa pili, ambako filamu ile ile ilionekana sekunde chache baadaye. Wasomaji wa umri mkubwa wa Unguja na Dar es Salaam hawatashangazwa na ujanja huo. Huko, katika miaka ambayo picha za Kihindi zilijaza majumba kila Jumapili, nakala moja iliweza kuhudumia zaidi ya jumba moja siku hiyo hiyo, vijana wakikimbiza magurudumu ya mkanda kwa baiskeli kutoka jumba hadi jumba huku walanguzi wa tiketi wakifanya yao mlangoni. Watu walivaa vizuri wakaenda na familia nzima. Bara zima na bahari vinatenganisha matukio hayo, lakini pilikapilika ni zile zile.

Baada ya 1999 mkesha ulipata mifululizo miwili ya filamu iliyoulea. Wa kwanza ni The Lord of the Rings. Tarehe 16 Desemba 2003 baadhi ya majumba yalionyesha sehemu mbili za mwanzo katika matoleo marefu, kisha usiku huo huo ikaanza ya tatu. Waliohudhuria waliingia mchana wakatoka siku nyingine, baadhi wakiwa na masikio marefu ya plastiki yaliyokwisha kulegea. Wa pili ni Harry Potter, nao ulikuwa na nguvu ya aina yake kwa sababu mkesha wake ulianzia kwenye vitabu. Julai 2000 maduka ya Marekani na Uingereza yalifungua milango saa sita usiku kuuza kitabu cha nne, na watoto wakaja wamevaa miwani ya duara na kuchorwa kovu la radi kwenye paji la uso. Filamu ya kwanza ilitoka 2001 na ya mwisho 2011. Aliyeanza akiwa na miaka tisa, akishikwa mkono na mzazi, alimaliza akiwa na kumi na tisa, akiendesha gari lililojaa rafiki zake. Hakuna mfululizo mwingine wa wakati huo uliolingana hivyo na umri wa watazamaji wake, na pengine ndiyo sababu usiku wa Julai 2011 hukumbukwa na kizazi kile kama mahafali.

Fedha zilionyesha jinsi desturi ilivyokua. Mei 2005 Revenge of the Sith, ya Star Wars, iliingiza karibu dola milioni 17 katika maonyesho ya saa sita usiku pekee. Julai 2008 The Dark Knight ikafikisha milioni 18.5, na majumba mengine yakalazimika kuongeza maonyesho ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Heath Ledger, aliyeigiza adui mkuu katika filamu hiyo, alikuwa amefariki Januari mwaka huo, na kumbi zilijaa vijana waliojipaka uso mweupe na midomo myekundu iliyoburuzwa hadi mashavuni kama ya adui huyo, kwa kumuenzi mwigizaji. Filamu za Twilight zikaleta wasichana na mama zao kwa wingi. Ile ya Juni 2010 ilivuka milioni 30. Kisha Harry Potter ya mwisho ikaingiza milioni 43.5 kabla hakujapambazuka.

Ndani ya ukumbi saa ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote. Bisi ziliisha kabla taa hazijazimwa. Mtu mmoja alisimama akaongoza wimbo au akapaza sauti kuuliza nani amekuja kutoka mbali. Vionjo vya filamu nyingine vilizomewa kwa kuchelewesha mambo. Taa zilipofifia, kelele zilipanda juu, na nembo ya kampuni ilipotokea kwenye skrini watu walipiga makofi kana kwamba nembo ingeweza kuwasikia. Halafu kimya cha ghafla. Kwa saa mbili au tatu mamia ya watu walicheka, wakashituka na kulia kwa pamoja, karibu wote wakiiona kwa mara ya kwanza, na hali hiyo haikuweza kurudiwa, kwa sababu kesho yake tayari kungekuwa na walioiona.

Filamu ilipokwisha ilikuwa saa tisa usiku au zaidi. Hakuna aliyetaka kwenda kulala. Makundi yalihamia kwenye migahawa isiyofungwa, yakaagiza mayai, chapati za maji tamu na kahawa nyepesi, yakairudia filamu kutoka mwanzo kwa maneno. Wale wa shule walifika darasani asubuhi wakiwa na mabaki ya rangi nyuma ya masikio, wakasinzia, na kukataa kuwaeleza wenzao mwisho.

Tarehe 20 Julai 2012, katika mji wa Aurora, jimbo la Colorado, watu walikuwa wamekaa namna hiyo hiyo wakitazama The Dark Knight Rises mtu mwenye silaha alipoingia akafyatua risasi. Watu 12 waliuawa na 70 wakajeruhiwa. Waliokufa walikuwa wamekwenda kufanya lile ambalo mamilioni walikuwa wakilifanya usiku huo huo nchi nzima, wakiwa na rafiki, wachumba na watoto. Uzinduzi wa filamu hiyo jijini Paris ulifutwa. Kampuni kadhaa za majumba ya sinema zilipiga marufuku vinyago vya kufunika uso na silaha za kuigiza, na polisi wakaonekana milangoni. Kwa wengi waliokuwa wameuzoea mkesha, usiku huo uligawanya kumbukumbu mara mbili: ya kabla na ya baada.

Hata hivyo biashara nayo ilikuwa na mwelekeo wake. Kampuni za filamu zilikuwa zimeona fedha za usiku wa manane zikajiuliza ni wangapi zaidi wangekuja kama onyesho lingekuwa mapema, wazazi wakaleta watoto na wafanyakazi wakawahi kulala. Onyesho la kwanza likasogezwa hadi saa nne usiku, kisha saa mbili, kisha saa moja. Desemba 2015 The Force Awakens ya Star Wars ilianza saa moja usiku wa kuamkia Ijumaa na kuingiza dola milioni 57 kabla ya Ijumaa ya kalenda. Aprili 2019 Avengers: Endgame ikafika milioni 60. Kwa hesabu ya pwani, filamu hizo zilianza karibu na wakati Ijumaa inapoingia, magharibi. Kwa hesabu ya kumbukumbu, saa sita usiku ilikuwa imekwisha.

Mambo mengine mawili yalimaliza foleni. Projekta za kidijitali zilienea haraka baada ya Avatar ya 2009, na katikati ya muongo uliofuata mkanda ulikuwa umebaki katika majumba machache. Faili moja liliweza kuonyeshwa katika kumbi kumi na mbili za jengo moja bila fundi kukesha. Kisha vikaja viti vyenye namba, vinavyochaguliwa kwenye simu. Mwenye kiti chake hana haja ya kuwahi. Anafika dakika kumi kabla, na kundi lake linakutana gizani. Ni raha kubwa kwa magoti na mgongo, na hakuna anayeweza kuwalaumu waliovibuni, ila saa zile tupu zilizowalazimisha watu kuzungumza ziliondoka navyo.

Kwa nini kumbukumbu hizi zina uzito unaopita uzito wa filamu zenyewe? Neno la kitabibu la hamu ya zamani lilitungwa na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari wa Basel, Uswisi, mwaka 1688, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya kurudi nyumbani na maumivu. Aliiona kuwa ni ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Wanasaikolojia wa leo hawaihesabu kuwa ugonjwa. Wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya miaka kati ya kumi na thelathini hivi, hasa yale yaliyotokea kwa mara ya kwanza, na kwamba hamu ya zamani karibu kila mara ina watu wengine ndani yake. Mkesha wa filamu unakusanya yote hayo: umri wenyewe, mara ya kwanza ya kuruhusiwa kukaa nje hadi alfajiri, na marafiki ambao kabla ya mwaka kwisha wangetawanyika kwenda vyuoni na kazini.

Ushahidi mzuri ni The Phantom Menace yenyewe. Wengi walioisubiri kwa siku nyingi walitoka wamevunjika moyo na wakasema hivyo kwa miaka. Lakini wakiulizwa habari za usiku ule husimulia baridi ya lami, aliyeleta viti vya kukunja, aliyelala akakosa mwanzo, na hadithi huenda mbali kabla filamu haijatajwa. Mei 2024, ilipotimiza miaka 25, ilirudishwa kwenye majumba ya sinema na watu wakaja. Julai 2023 Barbie na Oppenheimer zilipotoka siku moja, makundi ya marafiki yalivaa waridi na kupanga kuziona zote mbili kwa siku, na waliopitia mikesha ya zamani waliutambua msisimko huo. The Rocky Horror Picture Show bado inaonyeshwa usiku wa manane katika miji kadhaa, na mchele bado unaokotwa sakafuni.

Vilivyobaki mikononi mwa waliokesha ni vichache: joho lililobana, pengine upanga wa plastiki usiowaka, na kipande cha tiketi. Tiketi nyingi za miaka ile zilichapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto badala ya wino, na maandishi yake hufifia yakipigwa na mwanga au jua. Zilizobandikwa ukutani au kuachwa kwenye dashibodi ya gari zimekuwa vipande vyeupe. Zilizofichwa ndani ya kitabu au kisanduku, gizani, bado zinasomeka: jina la filamu, tarehe, na saa, 12:01.